Ofisi Eldoret, Matawi Iten Hadi Burnt Forest: Panga Barua Pepe ya Biashara Kabla Pesa Hazijapotea

Ukifungua till ya biashara, kuna sehemu moja kwenye fomu ambayo watu huijaza haraka haraka: anwani ya barua pepe. Mwenye duka anaandika ya kijana wake aliyemaliza chuo. Meneja wa tawi anaandika yake ya binafsi, ile aliyoifungua akiwa sekondari. Fomu inafungwa, till inaanza kazi, wateja wanalipa, kila mtu anasahau.

Halafu siku moja kijana anapata kazi Nairobi, au meneja anaondoka kwa hasira. Hapo ndipo mwenye biashara anagundua kwamba stetimenti za till, ujumbe wa kubadilisha nenosiri na notisi zote za akaunti zinaingia kwenye simu ya mtu ambaye hayuko tena kazini.

Biashara ya duka moja inaweza kulimaliza jambo hili kwa siku moja. Lakini ukiwa na ofisi Eldoret na matawi Iten, Kapsabet, Ziwa na Burnt Forest, tatizo linakuwa mara tano. Kila tawi lina anwani yake, kila anwani ina mwenyewe, na bosi hajui nani anapokea nini. Leo tunaangalia jinsi ya kupanga barua pepe ya biashara nzima kutoka sehemu moja, bila kuyaumiza matawi yaliyo mbali na yenye mtandao wa kubahatisha. Ukikumbuka neno moja tu katika makala haya, likumbuke hili: anayeshika barua pepe ameshika ufunguo wa till.

Mji ulioanza na posta

Watu wa Eldoret wanajua thamani ya anwani. Mji wenyewe ulianza na ofisi ya posta iliyofunguliwa mwaka wa 1910 mahali palipoitwa 64, jina ambalo wenyeji walilitamka Sisibo. Jina Eldoret lilikuja mwaka wa 1912, na tarehe 15 Agosti 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji.

Kwa miaka mingi biashara za hapa zilikuwa na Sanduku la Posta, 30100 Eldoret. Tawi liwe Turbo au Moi's Bridge, barua zilifika kwenye sanduku moja, na ufunguo ulikaa ofisini. Karani akiacha kazi, anarudisha ufunguo. Hakuna mwenye biashara aliyekubali hundi ya kampuni ipelekwe nyumbani kwa karani.

Sasa linganisha na leo. Barua pepe ndiyo sanduku jipya, lakini wengi wetu tumewaachia makarani wetu sanduku na ufunguo wake.

Kwa nini jambo hili linagusa pesa zako

Kuna mlango wa pesa kwenye kila moja ya mambo haya manne:

- Stetimenti. Ripoti ya till inatumwa kwa barua pepe. Anayeipokea anajua unauza kiasi gani, siku gani, na ni saa ngapi pesa ziko nyingi.
- Kubadilisha nenosiri. Ukibonyeza "nimesahau nenosiri" kwenye akaunti nyingi za mtandaoni, kiungo kinatumwa kwa barua pepe. Mwenye barua pepe hahitaji kujua nenosiri lako la zamani.
- Ushuru. Notisi za iTax zinaenda kwenye anwani uliyosajili na KRA. Tangu Januari 2024, matumizi ya biashara yanahitaji ankara za eTIMS ili yakubaliwe unapopiga hesabu ya kodi, na wasambazaji wengi hutuma ankara hizo kwa barua pepe. Ankara ikikwama kwenye sanduku la mtu aliyeondoka, huna karatasi ya kuonyesha.
- Wasambazaji. Maagizo, bei mpya na nambari za kulipia hupita huko. Walaghai nao wanalijua hilo.

Basi tuanze kupanga. Kwa mfano, tuchukue duka la agroveti lenye ofisi kuu Eldoret na matawi manne: Iten, Kapsabet, Ziwa na Burnt Forest. Duka hili ni la kufikirika, lakini bila shaka utaona la kwako ndani yake.

Hatua ya 1: Nunua jina, na liwe lako

Jina la mtandaoni ni ile sehemu inayokuja baada ya alama ya @. Kwa Kenya, majina yanayoishia na .ke, yakiwemo .co.ke, yanasimamiwa na KENIC, na unayanunua kupitia kampuni zilizoidhinishwa kuyauza. Unalipia kwa mwaka.

Kosa kubwa hapa ni kumwachia fundi asajili jina kwa jina lake mwenyewe. Fundi ni mtu mzuri, amekusaidia, lakini mkikosana au akihama, jina la biashara yako liko mkononi mwake. Hakikisha usajili umeandikwa kwa jina la biashara, nambari ya simu ni ya mwenye biashara, na risiti ya malipo unayo wewe.

La pili ni tarehe ya kulipia upya. Jina likiisha muda, barua pepe ya matawi yote inakatika siku moja. Weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla. Ni malipo madogo, lakini ukiyasahau, stoo nzima inaweza kukaa bila maagizo.

Hatua ya 2: Anwani ziwe za kazi, zisiwe za watu

Usifungue anwani ya "Kiprono" au "Achieng". Fungua anwani ya kazi inayofanyika. Kwa agroveti yetu, hizi zinatosha:

- malipo@ – stetimenti za till, benki na notisi za akaunti. Inasomwa na mwenye biashara na mhasibu peke yao.
- ununuzi@ – wasambazaji wa mbegu, mbolea na dawa.
- ushuru@ – KRA na kaunti.
- iten@, kapsabet@, ziwa@, burntforest@ – kila tawi na lake.
- msimamizi@ – ya kuendesha mfumo wenyewe. Haitumiwi kwa kazi za kila siku.

Mtu akiondoka, anwani inabaki. Anayekuja anakuta barua zote za nyuma na anaendelea pale mwenzake alipoachia.

"Lakini si nitalipia anwani nane kila mwezi?" Si lazima. Huduma nyingi za barua pepe hutoza kwa idadi ya watumiaji, sio kwa idadi ya anwani. Google Workspace ina anwani za kikundi, ambapo barua ya ununuzi@ inawafikia watu watatu bila kulipia mtumiaji mpya. Microsoft 365 ina masanduku ya pamoja ambayo hayahitaji leseni yake mpaka yafike GB 50. Muulize anayekuuzia huduma kuhusu hayo kabla ya kuhesabu bei.

Angalia pia nani anaona nini. Tawi la Ziwa halihitaji kuona mauzo ya Kapsabet. Meneja anahitaji ripoti ya till yake, sio ya nyumba nzima.

Hatua ya 3: Barua zikae wapi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua seva na kuiweka ofisini Eldoret. Ya pili ni kukodi huduma kwa kampuni inayotunza barua kwenye seva zake, nawe unazisoma kwa intaneti.

Seva ya ofisini inavutia kwa sababu unaiona kwa macho. Lakini fikiria: umeme ukikatika Eldoret, Iten wana umeme na mtandao ila hawapati barua, kwa sababu sanduku lao limezimika mjini. Intaneti ya ofisi ikikatwa na wachimbaji wa barabara, matawi yote manne yanakaa gizani. Utahitaji betri, nakala za akiba na mtu wa kuiangalia usiku. Kwa biashara ya watu kumi au ishirini, kukodi ni rahisi na salama zaidi. Usimamizi unabaki Eldoret, barua zinakaa mahali ambapo umeme wa mji wetu hauzifikii.

Kupanga kazi ya vituo vya mbali kutoka Eldoret si jambo jipya. Mpango wa afya wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vikuu vya ng'ambo kikiwemo Indiana cha Marekani, ulipitia hapo hapo. Mwaka wa 2001 mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa ulianza kutumika katika kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet. Ulikuwa na kompyuta chache tu, lakini uliwekewa umeme wa akiba, ikiwemo betri ya sola. Baadaye, kliniki zilipoongezeka, wahudumu walijaza fomu za karatasi, na makarani wakaziingiza kwenye mfumo mmoja. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka wa 2004, programu ambayo leo inatumika katika nchi nyingi.

Kwa mwenye duka somo liko wazi: rekodi zikae mahali pamoja, lakini mpango uanze na hali halisi ya kituo cha mbali. Kama ni karatasi inayowezekana leo, tumia karatasi, mradi kila kitu kifike kwenye daftari moja.

Hatua ya 4: Pangia tawi lenye mtandao dhaifu

Ukikaa Eldoret penye faiba, ni rahisi kusahau kwamba tawi linatumia bando la simu. Ukiteremka kutoka Iten kuelekea Tambach na Bonde la Kerio, simu inaweza kuwa na vijiti vinne kwenye kona hii na kukosa kabisa kwenye inayofuata. Mambo matatu yatasaidia.

Punguza uzito wa picha. Tawi linapopiga picha ya stakabadhi na kuituma, kiambatisho huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja njiani kwa sababu ya jinsi barua pepe inavyofungasha faili. Hebu tuhesabu. Picha ya MB 3 inakuwa MB 4. Picha 10 kwa siku ni MB 40. Siku 26 za kazi ni MB 1,040, yaani zaidi ya GB 1 kwa mwezi kwa tawi moja. Na kama wananakili kwa matawi matatu mengine, kila tawi linalozifungua linapoteza GB 1 nyingine. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hadi KB 300 kabla ya kutumwa, mwezi mzima ni karibu MB 104. Maandishi bado yanasomeka. Simu nyingi zina chaguo la kupunguza ukubwa wa picha. Mfundishe kila meneja.

Chagua IMAP, usichague POP. Haya ni majina ya njia mbili ambazo programu ya barua pepe huchukua barua. POP kwa kawaida huzishusha kwenye kompyuta ya tawi na kuzifuta kwenye seva. Kompyuta ikiibiwa au ikiungua, rekodi za tawi zimekwenda nayo. IMAP huacha barua kwenye seva, na kifaa kinaonyesha nakala. Tawi linaweza kusoma barua zilizokwisha kushuka hata bila mtandao, na jibu lililoandikwa linasubiri kwenye kikasha cha kutuma mpaka mtandao urudi.

Wekeni saa za barua. Si lazima simu iulize barua mpya kila dakika. Mara tatu kwa siku, tuseme saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, inatosha kwa duka. La haraka piga simu. Barua pepe ni ya kuweka kumbukumbu.

Jambo moja zaidi: mwombe anayekuuzia huduma awashe SPF, DKIM na DMARC. Ni mihuri inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kuhusu mihuri hiyo. Ankara yako isipokuwa nayo, inaweza kuishia kwenye takataka za mteja, naye akaapa hajaiona.

Hatua ya 5: Weka kufuli mbili

Nenosiri peke yake halitoshi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo baada ya nenosiri unaombwa msimbo. Msimbo unaweza kuja kwa SMS, lakini ni bora utumie programu ya misimbo kwenye simu janja, kwa sababu mbili. Kwanza, programu hiyo hutoa msimbo hata pasipo na mtandao, jambo ambalo meneja wa tawi la bondeni atalishukuru. Pili, mlaghai akifanikiwa kuhamisha laini yako ya simu kwenye kadi yake, SMS zote zinamfuata yeye.

Nambari ya simu ya kurejesha akaunti ya msimamizi@ iwe ya mwenye biashara. Misimbo ya akiba ichapishwe na ifungiwe pamoja na cheti cha usajili wa biashara. Na tafadhali, nenosiri lisibandikwe ukutani kando ya kalenda.

Hatua ya 6: Siku mtu anapoondoka

Hapa ndipo biashara nyingi huteleza, kwa sababu ya haya au kwa sababu ya hasira. Usisubiri kugombana. Andika utaratibu mapema na mweleze kila mfanyakazi siku anayoajiriwa, ili siku ya kuondoka asione kama anashukiwa. Fuata mpangilio huu:

1. Badilisha nenosiri la anwani aliyokuwa akitumia.
2. Toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo. Kubadilisha nenosiri pekee wakati mwingine huacha simu yake ikiendelea kusoma.
3. Angalia kama kuna amri ya kupeleka barua kwenye anwani nyingine. Hii hufichika kwenye mipangilio na inaweza kukaa miezi bila kuonekana.
4. Muondoe kwenye orodha ya watumiaji wa till na ya benki.
5. Mkabidhi anayechukua nafasi yake, mbele ya shahidi, na muweke sahihi.

Kazi hii ni ya nusu saa. Ifanyike siku ile ile, sio mwisho wa mwezi.

Jihadhari na "tumebadilisha till"

Ulaghai huu hauhitaji kuvunja mfumo wowote. Mtu anatuma barua inayofanana na ya msambazaji wako:

*"Habari za asubuhi mteja wetu mpendwa. Kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu, till yetu ya zamani imefungwa kwa muda. Oda yenu ya mbolea lipieni kwa nambari hii mpya kabla ya saa sita ili lori lisichelewe. Asante kwa ushirikiano."*

Ina heshima, ina haraka, na inajua umeagiza mbolea. Mfanyakazi wa tawi, aliye peke yake na foleni ya wakulima mlangoni, analipa. Pesa zikishatoka, kuzirudisha ni vita, kwa sababu mpokeaji huzitoa kwa wakala mara moja.

Sheria ya nyumba iwe moja: nambari ya kulipia haibadilishwi kwa barua pepe. Ikija barua kama hiyo, tawi linaipeleka ununuzi@, na ofisi ya Eldoret inampigia msambazaji kwa nambari ya zamani iliyo kwenye daftari, kamwe sio ile iliyoandikwa kwenye barua. Na kabla ya kuweka PIN, soma jina linalojitokeza kwenye simu. Kama si jina la msambazaji wako, simama hapo.

Ikiwa pesa zimeshatoka, tupigie huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na nambari ya muamala, kisha piga ripoti polisi. Usifute ile barua, ni ushahidi.

Sheria inasemaje

Barua za matawi yako zina majina, simu na madeni ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa kwa sekta fulani, lakini wajibu wa kulinda data unabaki pale pale. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wateja, Kamishna anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Huwezi kutimiza hilo kama hujui barua ziko kwenye simu ya nani.

Fanya haya wiki hii

Usijaribu kumaliza hatua zote sita kwa siku moja. Chukua karatasi, andika kila till, kila akaunti ya benki, iTax na huduma nyingine ya biashara. Kando ya kila moja andika anwani ya barua pepe iliyosajiliwa, na jina la mtu anayeisoma leo. Pale unapoandika jina la mtu asiyefanya kazi kwako tena, weka alama nyekundu na uanzie hapo.

Ukiwa tayari kubadilisha anwani ya till yako, afanye hivyo mwenye till mwenyewe, akiwa na kitambulisho chake na stakabadhi za biashara. Na kama kawaida yetu tunakukumbusha: hatutakuomba PIN kwa barua pepe, kwa SMS wala kwa simu. Ukiulizwa, jua si sisi.